Mbao Kwanza, Mataruma Baadaye

Mtu anunuaye seti ya kuunda merikebu ndogo ya matanga, kama zile ziuzwazo Ulaya na Marekani, hufungua sanduku akakuta karatasi ya maelekezo. Karatasi hiyo, karibu kila mara, humwamuru aanze na mifupa: kwanza mkuku, kisha mataruma, moja baada ya jingine kama mbavu za samaki, na baada ya hapo ndipo mbao nyembamba zibandikwe juu yake mithili ya ngozi. Ni utaratibu mzuri, wala sina ugomvi nao. Lakini ni utaratibu wa watu fulani na wa zama fulani. Katika bahari yetu hii ya Hindi, kwa karne nyingi, vyombo viliundwa kinyume chake: mbao zilitangulia na mataruma yakafuata. Tofauti hiyo ndiyo nitakayoieleza hapa. Nimeielewa kwa vidole kuliko nilivyoielewa kwa vitabu, na nachelea kwamba wanaoielewa kwa vidole wanazidi kupungua.

Katika chuo cha ualimu nilikofundisha kabla ya kukabidhiwa ukuu wa shule, mada ya biashara ya pwani ya kale ilitengewa vipindi viwili. Tuliandika ubaoni kwamba katika karne ya kwanza baada ya Kristo mfanyabiashara mmoja wa Misri, mwenye kuandika Kigiriki, alitunga kitabu cha kuongoza mabaharia kiitwacho Periplus; kwamba alitaja kisiwa cha Menuthias na vyombo vyake vilivyoshonwa; na kwamba alitaja pia mji wa Rhapta, ambao jina lake latokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kushona, kwa ajili ya vyombo vya huko. Walimu wanafunzi waliandika madaftarini mwao. Mtihani ulipokuja waliulizwa Rhapta ni nini, nao wakajibu. Ila swali ambalo mtoto yeyote wa darasa la tatu angeliuliza halikuwamo katika muhtasari wa somo: ubao hushonwaje?

Mashahidi wa jambo hilo ni wengi. Ibn Jubayr, msafiri wa Kiandalusi, alifika bandari ya Aydhab kwenye Bahari ya Shamu mwaka 1183 akaona majahazi yasiyo na msumari hata mmoja, yaliyoshonwa kwa kamba za usumba na kupakwa mafuta, na mafuta ya papa ndiyo yaliyosifiwa kuliko yote. Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alipita Mogadishu, Mombasa na Kilwa, alitoa sababu ambayo fundi yeyote ataikubali: chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, bali kilichoshonwa hunepa. Walikuwako pia waliosimulia kwamba baharini mna milima ya sumaku inayong'oa misumari. Hadithi hiyo ni tamu, lakini sidhani kama kuna nahodha aliyeiamini alipokuwa akilipa gharama za chombo. Mwaka 1498 kikosi cha Vasco da Gama kilipofika kisiwa cha Msumbiji, mwandishi wa safari alieleza kwamba vyombo vya nchi ile havina misumari, mbao zake zimeshikwa kwa kamba, na matanga yake ni ya mikeka.

Kwetu sisi chombo cha aina hiyo kilichodumu kuliko vingine ni mtepe. Uliundwa na kuendeshwa na Wabajuni wa visiwa vya Lamu, na kazi yake kubwa ya siku za mwisho ilikuwa kuchukua boriti za mikoko hadi Mombasa na Unguja. Ulikuwa na tanga moja la mkeka, la pembe nne, juu ya mlingoti uliosimama wima. Omo yake ilichomoza mbele kama shingo ya ngamia, na watu husimulia kuwa ni kumbukumbu ya ngamia wa Mtume. Macho yalichorwa kando ya omo ili chombo kione njia. Mwaka 1919 Mwingereza C. J. W. Lydekker aliandika habari zake katika jarida la Man. Mwaka 1941 James Hornell aliandika tena, kwa kirefu. Baina ya maandishi hayo mawili mtepe ulikuwa unakata roho. Msumari wa chuma ulikuwa umeshakuwa rahisi, na mwenye mali hakuona sababu ya kungoja kamba zisokotwe.

Sasa nirudi kwenye meza ya useremala, maana historia hii haieleweki bila kujua namna ubao unavyolala juu ya chombo.

Mtu asiyejaribu hudhani kwamba tumbo la chombo hufunikwa kama ukuta wa banda: unachukua mbao sawasawa, unazipanga, unapigilia. Haiwezekani. Pima katikati ya chombo cha mfano, toka mkuku hadi ukingoni, utapata tuseme sentimita 12. Pima karibu na omo, utapata sentimita 8 tu. Ukiamua kuweka mbao 16 kila ubavu, basi kila ubao uwe na upana wa milimita 7 na nusu katikati, na milimita 5 kwenye ncha. Usipozichonga hivyo, mbao zitaanza kupandana huko mbele kama watu mlangoni. Huku tezi mambo huenda kinyume: mara nyingi nafasi hupanuka, ukalazimika kuchomeka kipande chembamba chenye ncha kali kujaza pengo. Ubao wa kwanza, ule ulalao ubavuni mwa mkuku, ndio mgumu kuliko zote. Hapo katikati umelala karibu chali, lakini ukifika mwisho lazima usimame wima, kwa hiyo unasokotwa kama kitambaa kinachokamuliwa. Mbao nyembamba hulowekwa katika maji moto kwanza, kisha hubanwa hadi zikauke. Tena ukiweka ubao mmoja kulia, wa pili uweke kushoto. Ukimaliza upande mmoja wote kwanza, chombo kitajipinda kuelekea huko na hakitanyooka tena.

Haya yote ni kweli kwa chombo kidogo cha mezani na kwa jahazi la tani hamsini. Nilipokuwa kijana nilipenda kukaa ufukweni kumtazama fundi mzee akiunda jahazi chini ya mwembe. Hakuwa na mchoro. Alikuwa na tezo, keekee ya uta, kamba yenye mafundo na jicho. Alilaza mkuku, akasimamisha omo na tezi, akaweka mataruma machache ya kuongoza, kisha akapandisha mbao. Mataruma mengine akayachonga baadaye kufuata tumbo lilivyokuja. Siku moja nilimwuliza, "Fundi, wajuaje taruma hili liwe na mpindo kiasi gani?" Akanijibu bila kuinua kichwa, "Mwalimu, mimi sijui. Ubao ndio unaojua. Nami nauliza ubao."

Nililichukua jibu hilo kuwa ni mzaha wa wazee. Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Mmarekani mmoja aitwaye J. Richard Steffy, nikaona kuwa yule mzee alikuwa amesema neno ambalo wataalamu walilitafuta kwa jasho.

Steffy alikuwa fundi umeme katika mji mdogo wa Denver, jimbo la Pennsylvania, na wakati wa mapumziko aliunda vyombo vya mfano. Katika miaka ya 1960 alisoma habari za George Bass, aliyekuwa akichimbua chini ya bahari merikebu za kale zilizozama pwani ya Uturuki, akamwandikia kujitolea kuziunda upya kwa mfano mdogo. Wakati huo, huko Kyrenia, kisiwani Cyprus, mpiga mbizi alikuwa amegundua mwaka 1965 merikebu ya biashara ya Kigiriki, urefu wake yapata mita 14, iliyozama karibu na mwaka 300 kabla ya Kristo. Ilikuwa na mitungi 404, mingi ikiwa ya mvinyo kutoka Rhodes, na maelfu ya lozi. Michael Katzev na wenzake waliitoa mbao kwa mbao, na Steffy akaacha umeme wake akaenda kuiunganisha.

Alichokiona ni hiki. Mbao za merikebu ya Kyrenia ziliungwa ubavu kwa ubavu kwa vipande vya mbao ngumu, kama ndimi, vilivyoingizwa katika matundu ya ubao huu na ubao ule, kisha vikakazwa kwa vijiti. Mataruma yalitiwa baadaye, tumbo likiwa limeshapata umbo lake. Ni mbao kwanza. Lakini alipochunguza chombo kingine, kile cha Serçe Limanı kwenye pwani ya Uturuki, kilichozama karibu na mwaka 1025 kikiwa na shehena ya vioo, alikuta baadhi ya mataruma yametangulia kusimama na mbao zikayafuata. Katika miaka elfu na mia tatu hivi iliyo kati ya vyombo hivyo viwili, watu wa bahari ile ya Kati walikuwa wamegeuza mpango mzima wa kazi. Steffy hakuyapata hayo kwa kusoma peke yake. Aliunda mifano, akaivunja, akaiunda tena, hadi kila tundu la mbao za kale likawa na sababu yake. Alifundisha kazi hiyo chuo kikuu cha Texas A&M na mwaka 1985 alipewa tuzo ya MacArthur. Alifariki mwaka 2007. Ninampenda mtu huyu, nikiri. Sisi walimu tulizoea kuweka somo la kazi za mikono mwisho wa ratiba, saa za joto, kama jambo la kuwachangamsha wanafunzi wasisinzie.

Kugeuka huko kwa mpango wa kazi si jambo la mafundi peke yao. Mataruma yakitangulia, umbo la chombo laweza kuchorwa kwenye karatasi na mtu aliye mbali, akakokotoa, akatuma amri. Seremala wa kawaida akafuata. Merikebu mbili zaweza kufanana. Serikali yaweza kuagiza ishirini. Waingereza wa karne ya 17 walikuwa na desturi ya kuunda mifano ya merikebu za vita ambayo sehemu yake ya chini iliachwa bila mbao, ili mataruma yaonekane kwa macho. Walionyesha kile walichokiona kuwa ndicho merikebu yenyewe. Lakini ukiacha mbao za mtepe, huna kitu. Chombo cha mbao kwanza hukaa katika jicho la fundi mmoja na mikononi mwa wanafunzi wake. Fundi akifa bila mrithi, hakuna karatasi ya kufungua.

Ndiyo maana nilipoamua kuunda mtepe mdogo nilikataa kuanza na mataruma, ijapokuwa ingalikuwa rahisi mara kumi. Nilikwishaona mitepe ya kuuzia watalii katika duka moja, haina haja kulitaja, imepigiliwa vijimisumari vya shaba kisha ikachorwa mishono kwa kalamu nyeusi. Ilikuwa imesakafiwa sitaha nzuri toka omo hadi tezi. Sitaha ni kazi ya kupendeza, mimi mwenyewe huipenda: mbao nyembamba hulazwa kwa urefu wa chombo juu ya mihimili iliyoinuka kidogo katikati ili maji yateremke pembeni, viungo vya mbao jirani havikutanishwi mahali pamoja, na wanaounda mifano hupaka wino au masizi ya penseli ukingoni mwa kila ubao ili mstari wa kalafati uonekane. Kwa kipimo cha moja kwa arobaini na nane, ubao wa sentimita 24 huwa milimita 5. Haya yanafaa kwa merikebu ya Kizungu, na kwa kiasi chake yanafaa kwa sitaha ya nyuma ya jahazi. Mtepe ulikuwa wazi. Ulikuwa na kibanda cha makuti cha kuhifadhia watu na mali, na chini yake maji yaliyokuwa yakipenya mishono, ambayo mabaharia waliyakumba usiku na mchana. Ukiusakafia mtepe sitaha umewanyang'anya watu wale kazi yao kubwa.

Chombo changu ni cha kipimo cha moja kwa ishirini, kwa hiyo mtepe wa mita 18 umekuwa sentimita 90. Mishono ni minane kila ubavu. Nilipanga matundu yaachane milimita 4, yaani matundu 225 kwenye ukingo mmoja wa ubao, 450 kwa mshono, na kwa mishono yote kumi na sita yapata 7,200. Nilitoboa kwa keekee ndogo ya mkono, na kamba ni nyuzi mbili za usumba zilizosokotwa kwa vidole vilivyolowa. Ndani, juu ya kila mshono, hulazwa tita la nyuzi za usumba ili kamba ilibane na maji yapate kizuizi. Tundu likishapita kamba huzibwa kwa kijiti.

Jambo nililolipata mapema ni kwamba kamba haishiki umbo. Kamba huvuta tu. Kinachofanya ubao usimame kwa pembe yake ni ukingo ulivyorandwa, pamoja na vijiti vya mbao vinavyoingia mshazari kutoka ubao mmoja kwenda wa pili. Ukingo ukirandwa wima, mbao mbili zitalala sawa kama meza; ukirandwa kwa mshazari wa unene wa kucha, tumbo linaanza kukunja. Basi kila ubao ninaochonga unaamuliwa na ule ulioutangulia, na mimi nakuwa mtu wa kusikiliza. Mataruma niliyatia mbao zilipofika nusu, nikiyachonga na kuyajaribu, nikiyachonga tena, kisha nikayafunga kwa kamba. Hayakubadili chochote katika umbo. Yalikuja kulishikilia lile lililokwishapatikana. Hapo ndipo nilipomsikia tena yule mzee wa chini ya mwembe.

Wengine wamelijaribu jambo hili kwa ukubwa wake kamili. Tim Severin aliunda chombo kilichoshonwa huko Sur, nchini Oman, mwaka 1980, akakiita Sohar, akakiendesha hadi China, akafika mwaka 1981. Mwaka 1998, karibu na kisiwa cha Belitung nchini Indonesia, kiligunduliwa chombo cha karne ya 9 kilichoshonwa, kikiwa na makumi ya maelfu ya vyombo vya kauri vya Kichina. Na miongoni mwa mbao zake zilipatikana za mti wa Afzelia wa Afrika, wa jamii moja na mbambakofi wetu. Waomani, pamoja na mafundi wa kamba kutoka Kerala, waliunda mfano wake wa mita 18, Jewel of Muscat, uliofika Singapore mwaka 2010. Unguja nako, mwaka 2003, mafundi waliunda mtepe mzima ukawekwa katika jumba la Beit al-Ajaib, lile lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jumba hilo iliporomoka. Ni jumba lililosimama miaka zaidi ya mia na thelathini, na siku hiyo watu walikuwa wakilikarabati.

Tangu hapo nimekuwa nikiandika kila hatua ya kazi yangu katika daftari la shule la kurasa 96: ubao wa ngapi, ukingo umerandwa kiasi gani, kijiti kimeingia wapi. Mjukuu wangu ndiye anayechora. Juzi aliniuliza, "Babu, mbona hukuandika hapa taruma la tatu lina upana gani?" Nikamwambia apime mwenyewe, tumbo lipo. Alipima, akaandika kwa mwandiko wake.

Tanga bado. Nimempelekea bibi mmoja jirani yetu, fundi wa mikeka, ukindu na kipimo cha moja kwa ishirini, naye alicheka hadi akaketi. Amesema atapasua kila uwaa mara sita na kusuka kwa miwani ya mumewe, lakini kwanza nimweleze mkeka ule ulisukwa ukili mpana au mwembamba, na ulishonwa kwa kutoka kulia au kushoto.